Nyumba zetu na mazingira ya Bukavu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa Ibanda, Kadutu na Bagira: kwenye mkutano wa avenyu, baada ya misa au ibada, hata sokoni mtu akingoja kurudishiwa chenji. Nimeyajibu kwa kufuata uzito wake hapa kwetu. Ndiyo maana makala, yaani mkaa, na sasheti, yaani mifuko ya plastiki, vimechukua nafasi kubwa, na balbu imepata mistari michache.

Sisi hatuna viwanda wala magari mengi. Kwa nini tuhangaike na mazingira?

Ni kweli kwamba Mkongo wa kawaida hutoa hewa ya kaboni kidogo sana kutokana na mafuta na umeme. Kwa hesabu hiyo ya kila mtu, nchi yetu iko miongoni mwa za mwisho kabisa duniani. Asikudanganye mtu kwamba joto la dunia limeanzia jikoni kwa mama wa Kadutu.

Lakini sehemu kubwa ya kaboni inayotoka Congo hutokana na misitu inayokatwa, na mingi hukatwa kwa ajili ya mashamba na kuni, pamoja na makala yanayoletwa mijini. Tena kuna madhara yanayotuangukia sisi wenyewe hata tusipozungumzia hali ya hewa ya dunia: mlima uliobaki uchi, mfereji ulioziba, umeme unaokatika, mtoto anayekohoa kwa moshi. Hayo yana sehemu ambayo sisi wenyewe tunaweza kuipunguza tukiwa ndani ya kiwanja chetu.

Nikitaka kubadili jambo moja tu, nianze na lipi?

Makala. Mengine yote yanafuata nyuma.

Katika tanuri la udongo, kama yale ya wachomaji wetu, kilo moja ya makala hula kilo tano hadi kumi za kuni, kutegemea ujuzi wa mchomaji na ukavu wa miti. Kwa hiyo gunia linaloshushwa mlangoni kwako ni sehemu ndogo tu ya mti uliokatwa. Sehemu kubwa imekwisha kuwa moshi huko huko mlimani. Baadhi ya makala yanayofika mjini hutoka kwenye mashamba ya mikaratusi ya Kabare na Walungu, na hayo si tatizo kubwa mwenye shamba akipanda tena. Mengine hutoka ndani ya Hifadhi ya Kahuzi-Biega, iliyoanzishwa mwaka 1970, ikaingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1980, kisha mwaka 1997 ikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Huko ndiko anakoishi gorila wa Grauer, ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa mashariki ya Congo.

Muulize anayekuuzia makala yametoka wapi. Hatakwambia kweli kila mara, lakini wateja wengi wakiuliza, swali lenyewe linaanza kuwa na uzito sokoni. Hata hivyo njia ya uhakika ni kutumia machache zaidi, yawe yametoka popote.

Kabla ya kubadili chochote, andika ukutani kwa kipande cha kaa tarehe uliyofungua gunia na tarehe lilipokwisha. Bila hiyo utabaki kubahatisha, na nyumbani kila mtu atakuwa na maoni yake.

Mbabula (majiko ya makala) zinazoitwa bora zinasaidia kweli, au ni biashara tu?

Zinasaidia, ikiwa zimetengenezwa vizuri. Mbabula ya bati tupu hupoteza moto mwingi pembeni. Ndiyo maana ukikaa karibu nayo magoti yanaungua wakati sufuria bado haijatokota. Ile yenye udongo uliochomwa ndani huuzuia moto huo na kuupeleka juu. Mpishi anayeitumia inavyotakiwa anaweza kuokoa theluthi moja ya makala, wakati mwingine zaidi.

Unaponunua, usidanganywe na rangi. Tazama udongo wa ndani: uwe mnene, usio na ufa, ulioshikamana vizuri na bati. Tazama mlango wa chini: ufunguke na kufungika. Mlango huo ndio wenye kazi. Sufuria ikishatokota, ufunge karibu wote, makala yaendelee kuiva polepole. Wengi hununua mbabula nzuri kisha huacha mlango wazi tangu asubuhi hadi jioni, halafu wanasema haina faida.

Na sufuria ifunikwe. Kupika bila kifuniko ni kuchemsha hewa ya jikoni.

Maharagi ndiyo yanayomaliza makala yangu. Nifanyeje?

Hapa Bukavu maharagi yana sababu ya ziada ya kuchelewa kuiva. Mji wetu uko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500, na huko maji hutokota kwenye nyuzi joto 95 hivi badala ya 100. Mama wa Uvira, aliye chini kule kando ya Tanganyika, anakutangulia hata mkiwa na maharagi ya shamba moja. Kwa hiyo ushauri ufuatao una maana kubwa zaidi kwetu.

Chagua maharagi, yaoshe, yaloweke tangu jioni kwenye maji mengi. Asubuhi yatakuwa yamevimba. Mwaga maji hayo kwenye mimea, weka mapya, funika, chemsha kwa moto mkali dakika ishirini hadi thelathini. Yasiwe yanatoa povu tu. Yawe yanatokota hasa. Wakati huo andaa kapu pana au katoni nene, ulitandike nguo kuukuu, blanketi bovu au majani makavu ya mgomba, chini na pembeni, uache shimo la kutosha sufuria. Sufuria ikiwa bado inanguruma, itoe motoni, usifunue kifuniko hata kidogo, izamishe kwenye lile shimo, uifunike juu kwa mto au nguo nyingi. Iache saa tatu au nne. Ukiifunua utakuta mvuke bado unapanda na maharagi yamelainika. Yarudishe motoni kwa muda mfupi, utie vitunguu, mafuta na chumvi, yatokote tena, mle.

Sufuria iliyojaa huhifadhi moto vizuri kuliko iliyo nusu. Na jambo moja lisipuuzwe: usiweke maharagi kwenye kapu kabla ya kuyachemsha kwa nguvu. Maharagi mabichi, hasa mekundu, yana sumu inayotapisha na kuharisha. Huondolewa na moto mkali wa angalau dakika kumi. Joto la kapu peke yake halitoshi.

Maharagi yaliyokaa ghalani mwaka mzima hukaza, na hayo hata ukiyaloweka yatakusumbua. Nunua ya mavuno mapya ukiweza. Magadi huyalainisha, lakini huharibu sehemu ya vitamini. Yatumie kwa uchache.

Familia ikiweza kununua sufuria ya presha, hiyo ni dawa ya mwinuko wetu. Mvuke uliofungwa hupandisha joto kupita nyuzi 100, na muda wa kupika hupungua sana.

Naweza kupika sombe kwa njia hiyo ya kapu?

Kwa sehemu ya mwisho, ndiyo. Sehemu ya kwanza, hapana. Majani ya muhogo yana sumu ya sianidi. Kuyatwanga vizuri huifungua, na mvuke wa mwanzo huiondoa, kwa hiyo sombe ndiyo mboga pekee ambayo ninaomba ipikwe wazi mwanzoni. Itwange hadi ilainike kabisa, ichemshe bila kifuniko kwa muda mzuri, ndipo uifunike na kuihamishia kapuni pamoja na mawese yake.

Vumbi la makala linalobaki chini ya gunia, nalitupa?

Usilitupe. Lichekeche, lichanganye na uji mwepesi wa unga wa muhogo hadi likishikwa mkononi lisisambaratike, finyanga madonge ya ukubwa wa limau, yaanike juani siku kadhaa hadi yakauke hadi ndani. Hayashiki moto haraka na huacha majivu mengi, kwa hiyo washa kwanza makala ya kawaida, kisha weka madonge juu. Kwa chai ya haraka hayafai. Kwa vyakula vya kuiva polepole yanafaa sana.

Na makala yanayowaka bado baada ya kupika, usiyamwagie maji. Yatie kwenye kopo la chuma lenye kifuniko kinachobana. Yakikosa hewa yatazimika yenyewe, na kesho yatawaka upesi.

Kitu kingine: usiwashe mbabula kwa sasheti au kipande cha bidoni (dumu la plastiki). Tumia vigunzi vya mahindi au majani makavu ya mkaratusi. Na mbabula isilale chumbani na watu, hata kama moshi umekwisha. Hewa inayoua haina harufu.

Si bora tuhamie umeme au gesi tu?

Mwenye uwezo, ndiyo. Umeme wetu hutokana na maji ya mto Ruzizi, hauchomi mti wowote. Umeme ukiwapo, chemsha maji ya chai na ya kuoga kwa hita au rishoo (jiko la umeme), pika maharagi kwenye sufuria ya presha ya umeme, na makala uyaachie saa za giza. Lakini fundi akague kwanza nyaya. Waya mwembamba uliokusudiwa balbu mbili ukibeba rishoo unayeyuka, na nyumba zetu za mbao zilizobanana hazivumilii hilo.

Gesi ya mtungi ni safi jikoni na inaokoa miti, ingawa inasafirishwa kutoka mbali na bei yake inaumiza. Familia kadhaa huitumia kwa vitu vya haraka tu, mayai, chai, sambaza (samaki wadogo wa ziwani) za kukaanga, na mtungi hukaa muda mrefu. Huo ni mpango mzuri.

Wapo wanaouliza kuhusu gesi iliyo ndani ya Ziwa Kivu. Ipo kweli, metani na hewa ya kaboni, imeyeyuka kwenye maji ya kina kirefu. Upande wa Rwanda, karibu na Karongi, mtambo wa KivuWatt huigeuza kuwa umeme, megawati zipatazo 26. Hiyo ni kazi ya serikali na makampuni makubwa. Usiisubiri ndipo ubadili jiko lako.

Sasheti moja tu inaweza kuleta madhara gani?

Fuata njia yake. Simama kwenye daraja la mto Kawa dakika ya kumi ya mvua kubwa. Kwanza yanapita maji mekundu ya udongo kutoka juu Kadutu. Kisha vinakuja vyote vilivyotupwa kwenye mifereji tangu mvua iliyopita: sasheti nyeusi, chupa za maji, sandali moja, maganda ya ndizi, pampasi za watoto. Saa moja baadaye vyote viko ziwani.

Ziwa Kivu lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao uko hapa kwetu: Ruzizi. Upepo na mkondo husukuma plastiki hadi mlangoni, na kilomita chache tu mbele liko bwawa la Ruzizi ya kwanza, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, kisha Ruzizi ya pili iliyoanza kazi mwaka 1989 na kugawana umeme kati ya Congo, Rwanda na Burundi. Takataka hujikusanya mbele ya bwawa kama zulia. Wafanyakazi huzitoa, zinarudi. Zinazopita huziba na kuharibu mitambo, mashine inabidi isimamishwe, na delestaji, yaani kukatiwa umeme kwa zamu, inarudi Nyawera, Panzi na Bagira. Mara nyingi tukikaa gizani tunalaumu kampuni ya umeme. Sehemu ya lawama hiyo imepita kwenye mfereji wa mbele ya nyumba zetu.

Si plastiki yote ni ya Bukavu. Ziwa linapokea uchafu wa mwambao mzima, Goma, Kalehe, Idjwi na ng'ambo pia. Lakini ya kwetu ndiyo yenye njia fupi zaidi ya kufika bwawani.

Sheria haijakataza sasheti?

Imekataza. Amri ya serikali ya Desemba 2017 inapiga marufuku kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko na vifungashio vya plastiki. Rwanda ilikataza mifuko mwaka 2008 na ikasimamia. Kwetu amri iko kwenye karatasi na sasheti ziko sokoni, na hilo linauma. Usingoje polisi. Nenda Kadutu au Nyawera na kikapu chako. Beba chupa yako ya mawese na mfuko wa kitambaa wa unga. Wauzaji wamezoea zamani, hawashangai. Sambaza zichukue kwenye bakuli lenye kifuniko. Chikwange tayari imefungwa kwenye majani, haihitaji sasheti ya pili juu yake.

Kwa maji ya kunywa, jaza nyumbani badala ya kununua vifuko. Ukikosa makala ya kuchemshia, jua litakusaidia: chupa ya plastiki inayopenyeza mwanga, isiyozidi lita mbili, ijazwe maji yasiyo na tope, ilazwe juu ya bati saa sita za jua. Siku za mawingu iache siku mbili. Maji yakiwa machafu kwa macho, yachuje kwanza.

Tukichoma takataka zetu si tumelimaliza tatizo?

Hapana, mmelihamishia mapafuni. Moto wa uani ni mdogo, hauunguzi plastiki ikaisha. Unaitoa kama moshi wenye sumu unaotua kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye lengalenga (mchicha) za jirani na ndani ya vifua vya watoto. Mabomba na nyaya za plastiki ndizo mbaya kuliko zote.

Tenganisha. Katika miji mingi ya Afrika zaidi ya nusu ya uzito wa taka za nyumbani ni maganda na mabaki ya chakula. Ukiyatoa hayo, gunia la taka linapungua nusu na halinuki tena. Maganda ya viazi na ndizi, majani ya kabichi na mabua ya lengalenga hulisha sungura na simbilisi. Yasiyolika yazikwe kwenye shimo, tabaka la mabaki, tabaka la majani makavu au majivu kidogo, ugeuze kila baada ya wiki mbili. Baada ya miezi mitatu au minne unapata udongo mweusi. Asiye na bustani ajaze gunia udongo huo, alitoboe pembeni, apande vitunguu na lengalenga hata kwenye ngazi ya nyumba.

Kinachobaki, yaani plastiki, kipelekwe kwa wanaokusanya taka kwa malipo. Nyumba tano zikichangia pamoja, gharama hupungua; shefu wa avenyu au nyumbakumi anaweza kusaidia kupanga, na siku ya Salongo, ile ya kazi za pamoja za usafi, ianzie kwenye mfereji.

Maji ya mvua yana uhusiano gani na mazingira?

Hapa Bukavu yana uhusiano mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Bati lenye eneo la mita 40 za mraba hupokea lita 40 kwa kila milimita ya mvua. Mvua ya milimita 20, ambayo kwetu si ya ajabu, ni lita 800. Ukiyaacha, maji hayo yote yanadondoka sehemu moja, yanachimba, yanamfuata jirani wa chini. Katika miteremko kama ya Funu, ambako ardhi inasogea polepole na wataalamu wamekuwa wakipima mwendo wake, maji yasiyo na njia na ujenzi wa kubanana huongeza hatari kwa kila mtu.

Funga mfereji wa bati, weka pipa. Maji ya dakika za kwanza yaache yaende, yamebeba vumbi na kinyesi cha ndege. Funika pipa kwa kitambaa ili mbu wasizalie. Yatumie kufua, kuosha vyombo na kumwagilia. Ya kunywa yatibiwe. Pipa likifurika, elekeza maji kwenye mfereji wa mawe, kamwe yasiende kwenye ukingo wa udongo. Pale pasipojengwa panda nyasi au matete, mizizi ishike. Juni hadi Agosti pipa litakuwa tupu, na hilo ni la kawaida.

Kufulia ziwani kuna ubaya?

Upo. Sabuni ikimwagwa moja kwa moja inadhuru samaki wadogo wa kando, na tunachota maji pale pale. Chota kwa bidoni, fulia mbali kidogo na ukingo, maji machafu yanywewe na udongo.

Na balbu, nyama, motari?

Balbu za LED nunua, zinakula umeme kidogo sana. Nyama familia nyingi hapa hula mara chache, sioni sababu ya kumkataza mtu. Kama njia ni moja, gari la basi linabeba wengi kuliko pikipiki. Jenereta ndiyo ya kuangalia: kila lita ya petroli huacha zaidi ya kilo mbili za hewa ya kaboni, pamoja na kelele. Kwa taa na simu, sola ndogo inatosha.

Mama mkwe anasema chakula cha kapuni hakina ladha. Nimjibuje?

Usimjibu kwa maneno. Mpikie maharagi ya kapuni bila kumtangazia, yaliyokolezwa vizuri, umwachie yeye asifu au akatae. Na umwombe ushauri: kizazi chake kilifunga vyakula kwenye majani na kubeba vikapu sokoni. Watoto nao wapewe kazi moja kila mmoja, kama kuloweka maharagi jioni au kubeba kikapu.

Betri zilizokufa nizipeleke wapi?

Zisiende chooni, shambani wala motoni. Betri ndogo za tochi ziweke kwenye chupa kavu yenye kifuniko, mbali na watoto, hadi umpate anayezikusanya. Betri kubwa ya sola au ya gari ina asidi na risasi. Usiipasue wala kumwaga maji yake. Muulize fundi anayeuza mpya kama anachukua ya zamani, wengi huinunua kwa uzito. Irudishe nzima, imesimama wima, ikiwa ndani ya beseni la plastiki ili asidi isivuje njiani.